Sahani ya Kavutha

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Mua wakati Mutindi aliporudi dukani na sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, aliyonunua kibandani. Miguu ilimuuma. Tangu asubuhi alikuwa akihamisha kanda za zamani za video kwenye kompyuta, na kazi hiyo haiharakishwi: kanda ya saa moja hula saa moja. Unaikalia kama sufuria ya maharagwe.

Mlangoni alimkuta Munyiva, mteja kutoka Kola, amekumbatia kanda moja kifuani.

"Dada, nisaidie leo hii. Ni arusi ya mwaitu, mama yangu. Wiki nzima hali kitu. Hata uji anatema. Anasema akiiona hii, na Kavutha awe ametolewa kwenye picha, atakula."

"Kavutha ni nani?"

"Dadake mkubwa. Mama anasema utamwona, amejifunga leso ya bluu." Munyiva alishusha sauti. "Watu walisema ako na uoi. Mchawi."

Mutindi alicheka kwa uchovu. Wateja walishamwomba atoe mabwana walioachwa, na siku moja hata pasta.

"Kumtoa mtu si kazi. Rudi ukae na mama. Nikimaliza nitakutumia kwa simu."

Alitia kanda kwenye kamera kuukuu, akabonyeza. Picha zikaja zikitetemeka. Bibi arusi alikuwa akipakua chakula, wageni wamepanga foleni. Nyuma kabisa, karibu na ua wa mkonge, alisimama mwanamke wa leso ya bluu. Mwembamba mno. Mkononi alishika sahani tupu.

Mutindi alikata kipande hicho, akaunganisha, akatazama tena.

Mwanamke alikuwa katikati ya foleni.

"Ni macho tu," alijiambia. Akarudisha kanda mwanzo, akaihamisha upya. Akakata tena.

Sasa mwanamke alikuwa mbele, penye sufuria. Bibi arusi aliwapakulia wote. Akifika kwake, upawa ulimruka.

Dukani kukaanza kunuka moshi wa kuni. Na harufu nyingine... kama unga ulioingia ukungu.

Simu ikalia. Munyiva alinong'ona, "Umemtoa? Mama amelegea, dada. Sasa hata maji hayashuki."

"Nakaribia," Mutindi alidanganya.

Akakata mara nyingine. Foleni yote ikatoweka. Uso wa Kavutha ulijaa skrini, midomo imepasuka kwa ukavu. Picha ikacheza bila sauti. Kisha sauti ikaja, lakini haikutoka kwenye spika...

Ilitoka nyuma ya kiti.

"Na mimi nitakula lini?"

Mutindi hakugeuka. Aliisukuma sahani yake ya muthokoi hadi ukingoni mwa meza. Akafumba macho.

Kijiko kiligonga sahani. Polepole. Kwa muda mrefu.

Kisha kimya.

Alipofumbua macho, sahani ilikuwa nyeupe na kavu. Kwenye skrini wageni walikuwa wamerudi. Kavutha alikuwa ameketi kando ya mkonge, anatafuna. Safari hii Mutindi hakukata kitu. Aliituma video kama ilivyo.

Haukupita muda, Munyiva akapiga, analia na kucheka. "Amekula! Ametazama, akalia sana, halafu akaitisha muthokoi!"

"Lakini Kavutha sikumtoa."

"Tumemwona. Dada, mimi nilidhani mama anaropoka. Kavutha alikufa mwaka wa njaa, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Walikuwa wamemfungia jikoni kwa sababu ya huo uoi. Mwaitu alikuwa msichana mdogo. Alitumwa ampelekee chakula... akakila njiani. Siku zote. Leo ndio ametuambia."

"Na arusi?"

"Arusi ilikuja miaka mingi baadaye."

Siku hizi, jua likielekea Mua, Mutindi hununua sahani mbili. Mama wa kibanda humtania, "Wewe Mutindi, unakula kama fundi wa mawe na hunenepi!" Yeye hutabasamu tu. Sahani moja huila mezani. Nyingine huiweka sakafuni, nyuma ya kiti, na hageuki.

Juzi kazi zilimzidi, akasahau sahani ya pili. Jioni alijimiminia chai, akanywa funda moja.

Halikushuka.