Peni Mbili za Zacky Hosken

Peni mbili, sarafu za shaba, katika droo ya duka la Silas Trewhella zilikataa kupata joto.

Ilikuwa Januari, na pale Penrose Flat, kambi ya wachimba dhahabu, joto la Januari halina huruma. Siagi iliuzwa kwa kijiko, mishumaa ilikuwa imeinama kama waumini, na shaba zote za dukani zilichoma vidole. Zile mbili zilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Kwa sura zilifanana na wenzao mia sita: upande mmoja kondoo, upande wa pili S. TREWHELLA, MUUZA VYAKULA NA NGUO, HULIPWA DUKANI KWAKE. Wenye maduka wengi katika koloni walijipigia chapa peni zao, kwa sababu za Malkia zilikuwa adimu na Malkia mwenyewe alikuwa mbali. Mwaka ule serikali ilikuwa imezipiga marufuku peni hizo za maduka, kisha ikasahau kuleta nyingine.

Silas alizijua zile mbili. Wiki tatu nyuma Zacky Hosken, mchimba dhahabu asiye na mke wala mtoto, aliangukiwa na mwamba akafa. Loveday, mke wa Silas, ndiye aliyemwosha, kama alivyowaosha marehemu wote wa Wakornwall wa pale, wahamiaji kutoka Cornwall katika nchi ya Malkia, akamfumba macho na kuweka peni juu ya kope. Kilichowekwa juu ya maiti hakiokotwi. Mkornwall hulijua hilo kabla hajajua kutembea. Lakini Silas aliachwa peke yake na jeneza dakika mbili kabla ya misumari, na kwa mwenye duka dakika mbili ni muda mrefu.

"Peni mbili ni peni mbili," alijisemea.

Binti yao Jenifer, wa miaka tisa, alizikuta kwenye droo. Akajilaza juu ya magunia ya unga, akazibandika machoni.

"Baba, raha! Kama maji!"

"Toa hizo!" Silas alifoka hata mteja akaangusha kikapu.

Mtoto akazitoa. Macho hayakufunguka.

"Acha mchezo, Jenifer," mama yake alisema.

"Sichezi, mama. Mazito."

Hapo Silas alifanya kile afanyacho mwenye duka akikuta pesa mbaya mkononi: alizitoa kama chenji kwa mteja yule yule, akamtakia siku njema.

Daktari alipitia Jumatano, akasema ni vumbi. Alhamisi, saa sita mchana, kengele ya mlango ililia.

Mlango haukufunguka. Palifuata harufu ya udongo mbichi na shaba iliyolowa, ile inayoacha ladha ya damu chini ya ulimi. Kisha kaunta ikagongwa mara mbili, polepole, kama mteja anayegonga kwa ukingo wa sarafu.

"Baba," Jenifer alinong'ona, "mbona humhudumii?"

"Nani?"

"Mzee Hosken. Anasema jina lako limeandikwa kwenye peni zake, ati hulipwa hapa. Anasema hawezi kulala na macho wazi, udongo unaingia."

Loveday alimgeukia mumewe taratibu. "Baba Jenifer. Umefanya nini?"

Silas akamwambia. Loveday hakumpiga, na hilo lilimtisha Silas zaidi. Mke alijifunga shali, akaenda kumwita Mama Pascoe.

Mama Tamsin Pascoe alikuwa mganga wa kuzuia damu isitoke na kutuliza majeraha ya moto, na kwa desturi ya waganga wa Cornwall hakupokea malipo, jambo lililomfanya Silas amheshimu kupita kiasi. Aliweka kidole gumba juu ya kope za mtoto, akakiondoa upesi kama aliyeungua.

"Mnyang'anyi wa maiti wewe," alisema.

"Mama Pascoe, nilikuwa na shida kidogo ya chenji..."

"Nyamaza! Zirudi zile zile, na mkono ule ule uliozitoa. Kabla ya mwezi mpya. Baada ya hapo, macho ya mtoto ni ya Hosken."

Silas, raia mwema, aliandika barua mji mkuu kuomba kibali cha kufukua kaburi. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na tatu, likiwa na mihuri mitatu: mwombaji aeleze uhusiano wake na marehemu, na kama marehemu aliwahi kupinga kwa maandishi.

Zilibaki siku nne. Silas alibandika tangazo mlangoni kwamba kila peni ya Trewhella italipwa kwa fedha halisi, leo. Watu walikuja mbio, wakidhani amerukwa na akili na wakitaka kumuwahi kabla hajapona. Akazipokea moja moja, zote moto. Mpaka Jumamosi, mtoto alipoinua kichwa toka kwenye magunia na kusema kwa sauti ndogo, "Zinakuja. Zimefika kwa mhunzi. Sasa zimevuka barabara," na mjane Uren akaingia akilalamika kwamba mfuko wake unamgandisha paja.

Jumapili walichimba, wakati konstebo yuko mezani na wengine kanisani. Loveday alimshika mtoto. Mama Pascoe alisimama juu ya ukingo akisoma maneno yake bila kupumua. Silas alishuka. Upepo wa moto ulikuwa unavuma juu kabisa lakini mle shimoni palikuwa na baridi ya pishi, na alipong'oa ubao harufu ile ya shaba ilimjaa kooni, akaona uso uliokuwa umeharibika kama nyuso zote zinavyoharibika isipokuwa macho, ambayo yalikuwa wazi, safi, bila hata chembe ya vumbi, na yaliufuata mkono wake alipouingiza mfukoni, yakaufuata tena alipoutoa, yakatulia kwenye peni kama mteja anayehakikisha hapunjwi, naye akizivuta kope zile kwa vidole vilivyokufa ganzi akaomba msamaha kwa sauti ambayo hakuijua, akaziweka peni, moja, na ya pili, na kope zikabaki chini.

Juu, Jenifer alipiga chafya. Akafumbua macho.

"Mama," alisema, "umezeeka."

Walicheka wote watatu, wakalia, hata Mama Pascoe akajifuta pua kwa aproni. Silas alijaza udongo kwa mikono yake. Alikuwa amefilisika kwa pauni mbili na nusu, na hakuona ajabu kuimba njia nzima.

Nyumbani Loveday alikoroga unga wa pai, akaishiwa. Pishi lao lilikuwa chini ya duka, halina dirisha, giza la kukatwa kwa kisu hata mchana. Jenifer alitangulia kuteremka kuchota mwingine. Walisikia hatua zake, nyepesi, za haraka, zikipita kati ya mapipa bila kugonga hata moja.

"Chukua taa, mwanangu!" mama yake aliita.

"Ya nini?" sauti ilijibu kutoka chini, ikichangamka. "Huku naona vizuri kuliko huko juu. Njooni muone, wamejaa, wale wote uliowaosha, mama."