Pumzi Iliyoongezwa

Faili lilikuwa limenenepa. Si sana, kiasi ambacho mtu mwingine angekidharau na kuendelea na chai yake. Pei-shan hakuweza. Kila programu mpya ilipowekwa kwenye seva, aliipakua kwa simu yake kama mteja yeyote, kisha akailinganisha na nakala iliyobaki kwenye kompyuta ya chumba cha ndani, ile isiyounganishwa na intaneti. Mchana ule, kimbunga kikipiga madirisha ya kampuni yao ndogo pale Tainan, faili la kwenye seva lilikuwa zito kuliko nakala.

"Kaka Kuo-tung, njoo uone."

Kuo-tung, aliyemtangulia kazini, alikuja akitafuna karanga. "Alama ya kidole inasemaje?"

Ndivyo walivyouita ule mstari mrefu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na kilichomo ndani ya faili. Ukigusa nukta moja, mstari wote unageuka. Ukurasa wa kampuni ulionyesha alama, na faili lililopakuliwa lilikuwa na alama hiyohiyo.

"Zinalingana," alisema Kuo-tung. "Mdogo wangu, ungekuwa unakagua chakula hivi, ungeshakufa njaa."

"Zinalingana kwa sababu zinakaa nyumba moja. Mwizi akiingia anabadilisha faili, halafu anabadilisha na alama. Tazama ya nakala yangu."

Kuo-tung alitazama. Akaacha kutafuna.

Programu yenyewe haikuwa ya mchezo. Iliendesha mashine za kupumulia za nyumbani, zile wanazovaa wazee wenye mapafu dhaifu wakilala. Saa kumi na mbili jioni mashine zote zingejipakulia programu mpya bila kumwuliza mtu. Mojawapo ilikuwa kando ya kitanda cha bibi yake Pei-shan, bibi aliyemlea, kule Chiayi.

Walipekua kumbukumbu za seva. Hakuna aliyejaribu nywila. Hakuna aliyeingia kutoka nje.

Pei-shan akafungua kile kipande kilichoongezwa, amri za namna ya kusukuma hewa, na kukichora kama mstari kwenye kioo cha kompyuta. Pumzi ya kawaida hupanda na kushuka. Hii ilipanda, ikapanda, ikapanda tena kwa pupa, kisha ikabana. Haikushuka.

Kuo-tung aliwahi kuwa mwokoaji wa waogeleaji alipokuwa mwanafunzi. Aliutazama mstari ule, rangi ikamtoka usoni. "Hivi ndivyo anavyovuta hewa mtu anayezama," alisema kwa sauti ya chini.

Walikwenda chumba cha seva. Siku zote kilikuwa chumba cha baridi kavu, kisicho na harufu. Sasa kilinuka tope la mto na majani yaliyooza. Juu ya seva, mifuko ya kijani ya vitafunio vya nazi, ambayo kila fundi pale huiweka ili mashine ziwe na adabu, ilikuwa imenywea. Pei-shan aliushika mmoja. Haukuraruliwa popote, gundi yake bado imeshika, na ndani hamkuwa na kitu.

"Juzi sikuwepo," alinong'ona. "Meza ya sadaka ya mwezi wa saba mliiweka wapi?"

Kuo-tung alirudi nyuma hatua moja. "Mvua ilikuwa ya upande. Bosi Liao akasema tuiingize ndani."

"Ndani wapi?"

"Humu. Tukazima king'ora cha moshi, tukawasha ubani."

Pei-shan aliuachia ule mfuko ukaanguka. Katika mwezi wa saba wa kalenda ya jadi, wale ambao watu huwaita ndugu wema kwa kuogopa kuwaita majini au mizimu, hulishwa nje ya mlango. Hata mtoto anajua. Na katika wote hao, hakuna wa kuogopwa kama aliyekufa maji, maana huyo hapumziki mpaka apate wa kukaa mahali pake.

"Ndiyo maana hakuna mlango uliovunjwa," alisema. "Tulimkaribisha wenyewe."

Walirudisha faili safi, Pei-shan akaanza kulipakua tena kwa simu. Alama ikawa sawa, na wote wawili wakashusha pumzi. Lakini wakiwa bado wanaitazama, herufi ya mwisho ikageuka, kisha iliyotangulia, kisha iliyotangulia hiyo, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani kwa vidole vilivyolowa. Kuo-tung alichomoa kebo ya intaneti. Simu ya Pei-shan ikaendelea kupakua. Bosi Liao akatokea mbio, shati nje, akapiga kelele wazime kila kitu, nao wakazima, na feni zikapunguza mwendo moja baada ya nyingine mpaka chumba kikawa kimya kuliko kilivyowahi kuwa, na ndani ya kimya hicho, kutoka nyuma ya seva zisizo na umeme, wakasikia kitu kikivuta hewa, kikivuta, kikivuta, bila kuitoa, huku kwenye kiganja cha Pei-shan faili likizidi kujipakua kutoka kwenye mashine iliyokuwa imekufa.

"Mpigieni Mama Tsao," alisema Bosi Liao.

Mama Tsao alikuwa mganga wa hekalu la mtaa wa nyuma. Alifika kwa pikipiki, koti la mvua la manjano likimtiririka, akasimama mlangoni akanusa.

"We Liao! Wageni wa mwezi wa saba umewaweka sebuleni? Si ungewapa na kitanda kabisa!"

"Mama, mvua ilikuwa kubwa..."

"Mtu amekufa maji, wewe unamkinga mvua?"

Hakuna aliyecheka. Aliwaamuru waitoe meza hadi barabarani, palepale kwenye dhoruba, waweke bakuli la wali na glasi ya pombe, waache milango yote wazi. Kisha akaingia chumba cha seva peke yake, akasema kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa: "Ndugu mwema, umekula, umeshiba. Hawa ni watoto, hawajui. Njia ni hii."

Harufu ya tope ikawapita kwenye ukumbi. Pei-shan alihisi kitu kikimgusa mkono ulioshika simu. Alipotazama, mkono wa shati lake ulikuwa umelowa mpaka kiwikoni.

Mama Tsao aliangusha sakafuni vipande vyake viwili vya mti, vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja kililala chali, kimoja kifudifudi, jibu la ndiyo. "Ametoka," alisema. "Amekubali mwenyewe."

Waliwasha seva. Pei-shan aliweka faili safi, akalipakua, akalinganisha na nakala yake, akarudia, akarudia tena mpaka Kuo-tung akamshika bega. Alama haikutikisika. Ilipotimia saa kumi na mbili, mashine zikaanza kupakua, moja baada ya nyingine, faili lililo sahihi. Bosi Liao aliketi sakafuni akalia kama mtoto.

Pei-shan alikwenda ukumbini akampigia bibi yake.

"Bibi, umekula?"

"Nimekula uji wa samaki, mwanangu. Wewe je? Maana wewe kwa kazi hiyo utakonda kama kijiti. Huku maji yamejaa hadi kwenye ngazi."

Pei-shan alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akasikia, nyuma ya sauti ya bibi, mashine. Ilivuta. Ikavuta. Ikavuta tena kwa pupa, ikabana.

"Bibi! Vua barakoa! Chomoa mashine ukutani, sasa hivi!"

"Barakoa gani? Umeme umekatika tangu asubuhi. Mashine nimeifungia kabatini isilowe."

Mvua iligonga dirisha la ukumbi. Pei-shan alibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Bibi," alisema polepole, "hapo ndani uko na nani?"

Kilichojibu ni hewa, ikivutwa karibu kabisa na simu, ndefu, yenye maji ndani yake, kisha ikasimama. Pei-shan alisubiri itoke.