Sahihi ya Yeyote au ya Wote

"Pesa zikitolewa, sahihi iwe ya yeyote kati yenu, au lazima iwe ya wote wawili?"

"Yeyote," akasema Gharib.

"Wote," akasema Huwaida.

Walisema kwa pamoja. Chris, karani wa benki, kijana wa bara aliyehamishiwa Lamu juzijuzi, akaweka kalamu chini na kujifanya anatafuta mhuri.

Gharib akamgeukia mkewe. "Huniamini?"

"Na wewe mbona wataka kutoa bila mimi kujua?"

Makubwa haya! Akaunti yenyewe waliipanga wao, kitandani, wakicheka. Faida ya kamba mawe anaonunua Gharib kule Kizingitini, na kodi ya vyumba vya wageni vya Huwaida, vikae pamoja. Leo mbele ya mtu kila mmoja amekuwa na lake. Gharib akainuka, akatoka bila kuaga.

Huwaida alipofika nyumbani, cha kwanza alichotazama ni pembeni mwa kitanda. Sanduku la Gharib halikuwepo.

Sanduku hilo lilikuwa likimtatiza tangu harusi. Ada ya kwao ni binti kupewa nyumba na wazazi, na mume ndiye anayehamia. Gharib alihamia, sawa, lakini nguo hakuzitoa. Kila asubuhi huchomoa kikoi na shati, kisha akafunga zipu. Nusu ya kabati aliyotengewa ilibaki tupu. Huwaida alidhani ni uvivu wa wanaume. Sasa hakujua adhani nini.

Simuni ukaingia ujumbe wake: "Napanda boti ya saa nane kwenda Kizingitini. Nyumba ni yako, kaa kwa amani."

Akampigia mamake, Bi Nana, anayekaa nyumba ya pili.

"Mama, Gharib ameondoka."

"Mwenye kuya na sanduku hurudi nalo," akasema Bi Nana. "Mali ya mke ni ya mke, ndiyo sharia. Mume anayetaka kuchanganya ana lake jambo."

"Lakini na mimi nilitaka, mama."

"Hujui utakalo. Na ile pesa ya kakako Uthman mbona hujaleta? Mashua yake yaoza Matondoni, mafundi wamngoja."

"Nitaleta, mama."

Alikata simu akajichukia. Nitaleta, nitaleta, hilo ndilo jibu lake tangu aanze kukodisha vyumba. Akavuta buibui, akashika ndia ya gatini.

Alimkuta Gharib amekalia sanduku lake.

"Sikutaka kukuibia, Huwaida."

"Basi kwa nini yeyote?"

"Mimi hukaa Kizingitini siku na siku. Ukiugua huku, utangoja mkono wangu uvuke maji? Na nikifa je?"

Huwaida hakuwa amelifikiria hilo. Akaketi kando yake. "Na sanduku?"

Gharib akapapasa zipu ya sanduku. "Babangu alioa Lamu hii hii. Walipoachana alitoka nyumbani mwa mke na sanduku kichwani, mtaa mzima watazama. Mimi mle ndani hata msumari nikipigilia, ukuta si wangu. Nilitaka kitu kimoja tu chenye jina langu na lako. Uliposema wote, nikajua bado ni mgeni."

Machozi yakamlenga Huwaida. "Sikukukusudia wewe. Mama akiniomba sijui kukataa. Nilitaka niwe na wa kumsingizia, niseme mume wangu hajatia sahihi."

"Yaani mimi ndiye niwe mbaya?"

"Ndiyo."

Gharib akamtazama, akataka kukasirika, akashindwa. Kicheko kikamtoka. "Ungeniambia. Mkwe mwenyewe hanipendi, ningepungukiwa na nini?"

Boti ya saa nane iliondoka bila yake. Wakarudi benki, sanduku mkononi.

"Mmekubaliana?" akauliza Chris.

"Wote," akasema Gharib.

"Yeyote," akasema Huwaida.

Chris akajishika kichwa. "Jamani, mnanichanganya."

"Andika alivyotaka mke wangu mwanzo," akasema Gharib. "Sahihi yangu iwe kinga yake."

"Andika yeyote," akasema Huwaida. "La mama ni langu."

Chris akaandika yeyote. Hawajafika mlangoni, simu ya Huwaida ikalia. Bi Nana.

"Keshaondoka huyo?"

"Yupo hapa, mama."

"Haya. Na ile ya Uthman?"

Gharib akajigusa kifua kwa kidole, yaani nisingizie mimi. Huwaida akatikisa kichwa.

"Sitatoa, mama. Uthman ana kazi yake. Na si Gharib anayekataa, ni mimi."

Bi Nana akaguna.

"Haya," mama akasema. "Nimesikia."

Hakusema radhi wala laana, na Huwaida hakujua alichukulieje hilo neno. Alijua tu kwamba yeye amelisema lake, na dunia ingali pale pale.

Jioni Gharib alipanga nguo zake kabatini, moja moja, mashati yakagusana na madera ya mkewe. Sanduku likabaki tupu katikati ya chumba.

"Hili tuliweke wapi?" akauliza Huwaida.

"Mpelekee mamako," akasema Gharib. "Mwambie mkwewe hana kazi nalo tena."