Nilifuta Jina kwenye Upanga wa Babu

Nina miaka arobaini na mitatu, sijaolewa, naishi Kileleshwa, na kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia katika maabara moja ndogo huko Westlands. Sijisifu, lakini kwa kung'arisha hakuna anayenifikia! Jino likitoka mikononi mwangu, hata mwenye kuvaa husahau kwamba si lake.

Mikono hiyohiyo ndiyo iliyoniponza.

Baba yangu alikuwa na upanga wa Kijapani. Msishangae. Babu alipelekwa Burma na Wazungu kupigana vita vyao, na huko akamkuta kijana wa Kijapani amejeruhiwa, anaomba maji kwa ishara. Babu akamnywesha. Kijana akamsukumia upanga wake, kisha akakata roho... Babu alirudi nao Ukambani, na mpaka uzeeni alikuwa akishtuka kitini na kusema, "Mpeni maji yule." Kabla hajafa alimwapisha Baba kwamba upanga utarudishwa kwa watu wake.

Baba akazeeka bila kujua aanzie wapi. Moyo ulipoanza kumsumbua, akiwa kwa dada yangu Nduku kule Muthangari, aliniita.

"Mumbua, wewe unajua mambo ya simu. Nitafutie hao watu. Sitaki kukutana na mzee wangu mikono mitupu."

Nikakubali. Nikaubeba upanga kwangu ukiwa umefungwa kwa leso ya marehemu Mama, na hapo ndipo wazimu uliponishika! Nikaanza kusoma kwenye simu kila nikipata nafasi. Nikajiunga na kikundi cha wanaokusanya panga hizo duniani. Nikajifunza kuushika upanga kwenye mwanga na kutafuta ule mstari wa mawimbi karibu na makali ambao upanga halisi huwa nao. Nikanunua hata mwingine mnadani katikati ya jiji, nikaugundua mwenyewe kuwa bandia, mstari wake umechorwa kwa asidi. Nilicheka sana. Miezi miwili tu, na nilishajiona mtaalamu!

Nilisoma kwamba jina huandikwa kwenye chuma kinachofichwa ndani ya mpini. Nikasukuma kijiti cha mwanzi kinachoushikilia mpini, nikauvuta polepole. Chuma kilikuwa cheusi kwa kutu, na ndani ya kutu kulikuwa na herufi zilizochongwa, pande zote mbili.

Nikapiga picha kila upande, nikazituma kwa mzee mmoja Mjapani kwenye kikundi. Akajibu kwa upole kwamba upande mmoja ni jina la mfua chuma, na upande wa pili unaonekana kuwa jina la mwenyewe na mahali alikotoka, ila hayasomeki. Nipake poda ya mtoto juu ya herufi, nipanguse kidogo, nipige picha tena. Kutu yenyewe nisiiguse kamwe, kwa sababu ndiyo inayoonyesha umri wa upanga.

Poda! Mimi, wa kupaka poda? Nilimwona mzee wa watu ananipotezea wakati. Na nisiwafiche, nilitaka kile kikundi kizima kione picha inayong'aa, wajue Nairobi nako kuna fundi.

Asubuhi moja nikaubeba upanga hadi kazini, nikautumbukiza mkia wake, kile chuma cha ndani ya mpini, kwenye asidi tunayosafishia vyuma vya meno. Mara kliniki ikaleta kazi ya haraka, nikausahau hadi saa tisa mchana. Nilipoutoa nikautia msasa, kisha mashine. Ukawaka! Nilikuwa nikiimba, nakumbuka, wimbo wa kwaya.

Nikaugeuza kwenye mwanga nisome. Hakuna kitu.

Nikaugeuza upande wa pili. Nikavaa miwani. Nikavua miwani. Nikapitisha ukucha... laini kama jino. Mungu wangu, nilikuwa nimefanya nini?

Nilimwandikia yule mzee. Alijibu sentensi moja tu, kwamba anamsikitikia baba yangu. Hakuniandikia tena.

Jumapili nilienda Muthangari kusema ukweli. Naapa nilienda kusema ukweli! Lakini Baba alikuwa amenyoa ndevu, amevaa tai, amekaa akinisubiri. "Umewapata?" akauliza.

Mdomo wangu ukasema, "Ndiyo, Baba. Upanga umefika."

Uongo ule haukutosha. Alitaka kujua wamesema nini. Basi nikakaa nikaandika barua, eti imetafsiriwa, kutoka kwa bibi kizee mpwa wa yule kijana, akimshukuru Babu kwa maji. Niliposoma, Baba alilia kwa sauti. Ikawa kila Jumapili ananiambia, "Nisomee tena, mama." Nasoma uongo wangu, yeye amefumba macho anatabasamu. Akatoa hata ushuhuda kanisani!

Alifariki usingizini. Alikuwa ameagiza bahasha ya ile barua iwekwe kwenye mfuko wa koti lake, na mimi ndiye niliyeiweka. Alikuwa ameifunga kwa gundi. Niliihisi imenona kidogo, lakini ningeifunguaje? Niliogopa kuuona mwandiko wangu mbele ya uso wake.

Baada ya mazishi, tukiosha vyombo kwa Nduku, akaniambia bila wasiwasi wowote, "Si unajua aliweka na ile karatasi ya Babu ndani?"

"Karatasi gani?"

"Ile ya penseli. Babu akitoa mpini apake mafuta, aliweka karatasi juu ya hiyo chuma akapitisha penseli, maandishi ya Wajapani yakatoka yote. Baba alikuwa anaiweka kwa Biblia, akasema atakupatia ukikwama. Sasa vile ulimwambia upanga imefika, akasema kazi imeisha, acha aende nayo."

Niliendelea kusuuza kikombe kilekile.

Mnaelewa, wasomaji wenzangu? Ningesema ukweli Jumapili ile, Baba angefungua Biblia tu.

Upanga uko ndani ya kabati langu, mkia unang'aa. Nikiwasha mashine kazini namsikia Baba akiuliza, "Umewapata?" Naizima, nasikiliza, kimya. Nikiiwasha, anauliza tena. Siku hizi siwezi kumwona mtu akinywa maji bila kugeuka.

Nawasihi, mkikabidhiwa kitu cha zamani, kiacheni na uchafu wake mpaka mjue uchafu huo unabeba nini. Na mkishaharibu, semeni siku hiyohiyo! Msimwonee mzee huruma ya uongo. Mimi nilimzika babangu na uongo wangu kifuani, na sina ujasiri wa kuwaambia watu wetu tufukue kaburi.

Nduku, najua unasoma kurasa hizi kila wiki. Nisamehe. Karatasi ile wewe uliiona, mimi sikuiona. Tafadhali dada, chukua kalamu... unaikumbuka hata herufi moja?