Nguruwe Aliyekuja Kusali

Lupe aliishi Samoa, kwenye kisiwa katikati ya bahari kubwa.

Nyumba yao ilikuwa na nguzo nyingi na paa kubwa. Kuta? Hapana, haikuwa na kuta! Upepo uliingia ulipotaka. Kuku nao waliingia walipotaka.

Jioni moja, baragumu likalia. Puuuuu!

Saa ya sala! Kijiji kizima kikanyamaza. Hakuna aliyepita njiani. Kila mtu alikuwa nyumbani kwake.

Babu, Bibi, Mama na Lupe wakaketi kwenye mikeka. Wakaimba wimbo. Kisha wakafumba macho.

"Ee Mungu wetu," Babu akaanza.

Babu aliomba polepole. Aliwaombea wajomba. Aliwaombea mashangazi. Akawaombea na wajomba wa mashangazi.

Mara, tu-tu-tu, tu-tu-tu. Ni nani huyo?

Lupe akafumbua jicho moja. Lo! Nguruwe!

Nguruwe mdogo, mnene, mwenye matope puani. Alikuwa anaingia ndani, taratibu kabisa.

Lupe alitaka kupiga kelele. Lakini...
Kimya, Lupe, kimya! Babu anaomba.

Nguruwe akapita nyuma ya Mama. Akamnusa Bibi mgongoni. Fu-fu-fu!

Bibi akafikiri ni upepo.

Lupe alitaka kucheka. Lakini...
Kimya, Lupe, kimya! Babu anaomba.

Nguruwe akaiona sufuria. Ndani yake mlikuwa na magimbi ya tui la nazi. Chakula chao cha jioni!

Nguruwe akaangusha kifuniko. Akatia pua. Mcha! Mcha! Mcha!

Maskini Lupe! Akisema, watajua alifumbua macho. Asiposema, magimbi yatakwisha!

Babu alikuwa bado anawaombea majirani.

Mcha! Mcha! Mcha!

"Na sasa," Babu akasema, "Lupe atatumalizia."

Lupe akavuta pumzi.

"Ee Mungu," akaomba haraka haraka, "asante kwa Babu. Asante kwa Bibi na Mama. Asante kwa magimbi. Nguruwe anayala. Amina!"

"Amina," wakaitikia wote.

Kisha Mama akasema, "Nani anayala?"

Wakageuka. Nguruwe akainua kichwa. Uso wote ulikuwa mweupe kwa tui.

"Mkamateni!" Babu akapiga kelele.

Bibi akamshika mguu. Pyu! Akateleza. Mama akamrukia. Pyu! Akateleza. Babu akaanguka puu, akaketi ndani ya sufuria!

Nguruwe akatoka nje, tu-tu-tu, tumbo likining'inia.

Bibi akamtazama Babu. Akamtazama Lupe.

"Lupe, mjukuu wangu. Ulifumbua macho?"

"Ndiyo, Bibi," Lupe akasema kwa sauti ndogo. "Moja tu."

"Basi Mungu abariki jicho hilo," akasema Bibi. "Bila hilo, tungelala na njaa."

Maana pembeni mwa sufuria mlibaki magimbi kidogo. Mama akayachoma pamoja na ndizi. Wakala, wakashiba.

Kisha wakalala ndani ya chandarua. Kimyaaa.

Mara Babu akacheka. "Nguruwe anayala. Amina!"

Bibi akacheka. Mama akacheka. Chandarua kikatikisika.

"Mnacheka nini huko?" jirani akauliza kutoka nyumbani kwake.

"Nguruwe alikuja kusali!" Lupe akajibu.

Jirani naye akacheka. Na jirani wa jirani. Kicheko kikapita nyumba hadi nyumba, mpaka ufukweni.

Lupe hakukisikia kikifika. Alikuwa ameshalala, fofofo.