Mongina Anataka Kumbeba Shirley

Jioni wachumaji wa chai wa Boito walirudi nyumbani. Mongina alitembea nyuma, amejishika kiuno. Binti yake mdogo, Shirley, akaja mbio. Akampita mama yake, akamrukia Elmina, mama Duke, jirani yao. Elmina akamnyanyua juu, wakacheka wote wawili.

"Mbona hukuji kwangu?" Mongina akauliza.

"Wewe mgongo inakuuma," Shirley akajibu. "Mama Duke ndiye ananibeba."

Mongina aliona wivu, tena wivu mkali. Elmina alikuwa mkubwa kwake kwa umri. Walichuma chai shamba moja, wakabeba vikapu sawa. Kwa nini Elmina tu atembee wima? Na kwa nini ambebe mtoto wa mwenzake?

"Huyo mama Duke ana dawa anatunyima," alimwambia mumewe, Okemwa.

"Dawa gani? Anaenda yoga, yale mazoezi ya viungo pale ukumbini, Jumapili wakitoka kanisa. Si hata wewe alikuita?"

Ni kweli, aliitwa. Alikataa kwa maringo yake.

Jumapili hiyo Mongina alichungulia dirisha la ukumbi. Wanawake walikuwa juu ya magunia yaliyotandikwa sakafuni. Waliinama viganja vikigusa sakafu, wakainuka, wakainama tena. Elmina alikuwa mbele, anang'aa kwa jasho.

"Kumbe ni hiyo tu!" Mongina akasema moyoni.

Kesho yake alijaza kikapu chake majani mabichi, akakiacha mgongoni. Alitaka kumshinda Elmina. Kama Elmina anainama bila mzigo, yeye atainama na mzigo, apone haraka zaidi. Akainama kwa nguvu. Maumivu yakamkata kiunoni, akaanguka katikati ya michai. Na nani alikuja kumwinua? Elmina huyo huyo. Hilo lilimuuma kuliko mgongo.

Elmina alimpeleka zahanati kwa Wahu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ndiye aliyefundisha yoga pale ukumbini. Wahu alimpima mgongo na miguu.

"Miguu ina ganzi?"

"Hapana."

"Vizuri. Ingekuwa na ganzi, ningekutuma hospitali leo. Sasa niambie, uliinama na kikapu?"

Mongina akatazama chini. Wahu akajizuia kucheka.

"Mama, Jumapili nilikuona dirishani. Yoga si moja. Ile uliona inaitwa vinyasa. Unaenda mbio mbio na pumzi, inaupa mwili nguvu. Lakini si ya mgongo mgonjwa. Wewe pumzika kwanza, halafu tuanze na hatha. Hiyo ni polepole, unanyoosha kiungo kimoja ukipumua. Kuna yin pia. Unakaa mkao mmoja kwa muda, viungo vinalegea. Na kuna ya kupumzika, unalala juu ya mto, akili inatulia. Hiyo inasaidia usingizi."

"Lakini mimi ni mtu wa kanisa."

"Yoga ilitoka India, na kuna wanaoifanya kama ibada. Hapa sisi tunanyoosha mwili na kupumua. Ukitaka kuomba, omba Mungu wako."

Njiani Mongina alisimama. "Mama Duke, nilikuwa nakuonea wivu. Mtoto wangu anakukimbilia wewe."

Elmina naye akasimama. "Mimi nimekuonea wewe wivu tangu huyo mtoto azaliwe. Duke wangu amekuwa mkubwa. Hakuna mtu ananiambia nimbebe."

Mongina hakujua hilo. Alimshika mkono, wakaenda pamoja.

Alipumzika kama alivyoambiwa. Kisha kila Jumapili alikwenda na gunia lake. Alijifunza hatha, hakushindana na mtu. Alijifunza pia kukunja magoti anapoinua kikapu, na kukishika karibu na mwili. Haikuwa haraka. Lakini usingizi uliopotea kwa maumivu ulirudi, na maumivu yakapungua pole pole.

Jioni moja Shirley alikuja mbio tena. Mongina akakunja magoti, akafungua mikono.

"Shirley! Kuja kwangu."

Mtoto akasimama, akamtazama mgongo. "Haitauma?"

"Kuja."

Akambeba. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyokumbuka. Akamshikilia kwa muda mrefu, akamnusa nywele. Kisha akamwona Elmina amesimama kando, mikono mitupu.

"Haya," akamwambia mtoto, "sasa nenda kwa mama Duke. Anakungoja."