Askofu na Skonzi za Kwanza

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mtu yeyote katika nyumba ile hajaonja kitu, Mama aliwasha tanuri la matofali lililokuwa uani na kuoka skonzi arobaini ambazo hakumuuzia mtu. Hizo zilikuwa za watoto waliolazwa hospitalini. Wateja walingoja zamu ya pili, awe mwenye duka, awe mwalimu mkuu.

"Za kwanza ni za Mungu," Mama alisema, huku akijipangusa unga puani. "Tukianza na sisi, zitaishia kwetu."

Watoto wa nyumba hiyo walikuwa wawili. Mdogo, mvulana wa miaka minane, aliitwa Kijiko, kwa kuwa hapakuwa na kijiko ambacho hakuwahi kukilamba. Mkubwa, msichana wa miaka kumi na miwili, aliitwa Askofu. Jina hilo alipewa na mjomba wake, kwa heshima ya sala zake.

Maana Askofu alikuwa msichana wa sala hasa. Sufuria zikirundikana kwenye sinki, moyo wake ulisikia wito. Ua ukihitaji kufagiwa, aliwakumbuka wagonjwa wote duniani na kwenda chumbani kuwaombea, mmoja mmoja. Nyumba ile ilikuwa na sheria ya Bibi ambayo haikuvunjwa na mtu: anayeongea na Mungu hakatizwi. Askofu aliijua sheria hiyo kuliko alivyozijua Amri Kumi. Sala yake ilipofika kwenye amina, vyombo vilikuwa vimekwisha kuoshwa, mara nyingi na Kijiko, aliyepanda juu ya kigoda ili aifikie sinki.

Jumamosi moja Kijiko aliamka mapema kuliko wote. Alikuwa ameahidiwa jambo kubwa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, angefuatana na Mama hospitalini na kubeba kapu la skonzi yeye mwenyewe. Tayari alikuwa amevaa shati la kanisani na kufunga vifungo vyote, hata kile cha shingoni kinachokaba.

Bibi alikuwa amekwenda kanisani kwa zamu yake ya kufagia. Saa tatu na robo Mama aliingiza trei mbili za skonzi tanurini, akafunga mlango wa chuma, akachukua mfuko wake.

"Nakwenda kununua hamira, narudi sasa hivi," alimwambia Askofu. "Mshale mrefu wa saa ukifika kwenye nane, toa skonzi. Si kwenye tisa, kwenye nane. Ukiwa unangoja, sugua zile trei za jana. Na wewe Kijiko, usiguse mlango wa tanuri. Mwezi uliopita uliufungua mara sita, unachungulia, skonzi zikanywea kama mpira uliotoboka."

"Mara nne," alisema Kijiko.

"Usiguse."

Askofu alizitazama trei. Zilikuwa tisa, na mafuta yalikuwa yamezigandia. Papo hapo akasikia wito.

"Naingia kuomba kidogo," alimwambia Kijiko, kwa sauti ya mtu aliyebeba mizigo ya ulimwengu mzima. "Nitatoka kabla ya nane."

Alipiga magoti kando ya kitanda, akalaza shavu kwenye blanketi. Blanketi lilikuwa laini. Alisema, "Baba yetu," na kabla hajafika kwenye "uliye mbinguni" alikuwa amelala fofofo.

Wa kwanza kusikia harufu alikuwa Kijiko. Mshale mrefu ulikuwa umeipita nane, umeipita na tisa. Alikimbia mpaka mlangoni mwa chumba, akamwona dada yake amepiga magoti, akasimama ghafla.

"Dada," alinong'ona.

Kimya.

"Amina?" alisema, kwa kumkumbusha tu.

Kimya. Alisema amina mara tatu, kila mara kwa adabu zaidi, na dada hakuitikia. Kijiko alirudi uani. Tanuri asiliguse, dada asimkatize. Mtu mdogo akibanwa na sheria mbili kubwa, afanye nini? Moshi ulipoanza kupenya kwenye mwanya wa mlango, alichukua kitambaa, akaufungua.

Ndipo Mama alipoingia uani. Alimkuta Kijiko mbele ya tanuri lililo wazi, masizi usoni, anapuliza kidole kilichoungua. Ndani ya tanuri, skonzi arobaini zilikuwa nyeusi kama makaa.

"Nilikwambia nini?" Mama alisema. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Umefungua, moto umepata upepo, umeunguza kila kitu."

Askofu alitokea, shavu lake limechorwa mistari ya blanketi.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naomba, Mama."

Mama alishusha pumzi. Kwa sheria ya nyumba ile, hapo hapakuwa na swali la pili. Alikiweka kidole cha Kijiko kwenye maji baridi, akakifunga kitambaa, kisha akasema, "Vua shati la kanisani. Leo huendi hospitalini."

Kijiko alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akaanza kufungua vifungo kuanzia chini. Askofu alikaa kando yake, akingoja lawama. Lawama haikuja.

"Mbona hukuniita?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Nilikuita. Nikasema amina mara tatu. Lakini ulikuwa unaongea na Mungu." Kijiko alivuta kamasi. "Dada, alikuwa anakwambia nini, muda wote ule?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua kweli, naye alimtazama dada yake kama mtu aliyetoka safari ya mbali na kurudi na habari.

Askofu aliinuka. Chumba chake kilikuwa upande wa kushoto, jikoni kulia. Miguu, kwa mazoea, ilielekea kushoto. Aliigeuza.

Jikoni Mama alikuwa anakanda unga wa zamu ya pili. Bibi alikuwa ndiyo kwanza ameingia, ufagio ungali mkononi.

"Mama, sikuwa naomba," Askofu alisema. "Nilikuwa nimelala. Kijiko alifungua tanuri kwa sababu lilikuwa tayari linatoa moshi."

Mikono ya Mama ilisimama ndani ya unga.

"Na Jumamosi iliyopita pia sikuwa naomba," aliendelea, maana ukweli ukishafunguliwa mlango hauingii peke yake. "Na siku ile ya kufua mapazia."

"Ya mapazia niliijua," alisema Bibi. "Mtu anayeomba hakoromi."

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Mama alitoka mpaka kwenye ngazi. Alichuchumaa mbele ya Kijiko, akamfunga vifungo kimoja kimoja kwa mikono yenye unga. "Nisamehe, baba. Nimehukumu kabla ya kuuliza."

Kijiko alifikiri kidogo. "Mwezi uliopita zilikuwa mara sita kweli," alisema.

Ikaamuliwa hivi: zamu ya pili ndiyo itakwenda hospitalini. Skonzi za mwenye duka zitasubiri zamu ya tatu, na wa kumpa habari hiyo ni Askofu.

Mwenye duka aliitikia shikamoo yake, akaegemea kaunta, akasikiliza kisa chote. "Nimewahi kuambiwa unga umekwisha," alisema. "Nimewahi kuambiwa tanuri limepasuka. Lakini skonzi kuunguzwa na sala, hii ni mpya."

"Haikuwa sala, mzee. Ulikuwa usingizi."

Mwenye duka alimtazama, kicheko kikamkauka. "Basi mwambie mama nitangoja. Nawe nenda ukaoshe hizo trei."

Askofu alizipanga trei tisa kando ya bomba la uani, akaanza kusugua. Bibi alileta kigoda na ungo wa maharage, akakaa karibu.

"Bibi, sasa nisiombe?"

"Omba, mjukuu wangu. Omba hata zaidi." Bibi alitupa kijiwe kilichokuwa ndani ya maharage. "Lakini msikilize mama yako anaposema za kwanza ni za Mungu. Huwa amekaa?"

"Huwa ana unga puani."

"Haya. Kumtanguliza Mungu ni kumpa siku yako yote, na siku yako ina trei ndani yake. Wewe ulimweka mbele ili ajifiche nani nyuma yake? Mtangulize umfuate, mjukuu wangu, usimtangulize ili usionekane."

Askofu alisugua, na midomo yake ikawa inachezacheza taratibu. Harufu ya zamu ya pili ilikuwa imeanza kuenea uani, harufu njema ya skonzi zinazotolewa kwa wakati.

Kijiko alitokea, vifungo vyote vimefungwa, mikono ameificha nyuma.

"Dada, unaomba?"

"Ndiyo."

Kijiko alikaza miguu, tayari kungoja.

"Sema tu," Askofu alimwambia. "Hata nikiwa nasugua, ananisikia."

"Basi zimebaki hizi," alisema Kijiko, akatoa nyuma ya mgongo trei mbili za asubuhi, skonzi nyeusi bado zimezing'ang'ania.

Askofu alizitazama. Kisha akanyoosha mkono, akazipokea.

"Amina," alisema.